Taa Inawaka, Mtu Hamna

Najua mmenisema wiki nzima. Mwanamke wa watu nimemwacha kwenye ghorofa ya chini kabisa, mbele ya mlango wa chuma, funguo zote za chumba ziko kiganjani mwake, na kwenye tableti yake inaonekana taa ya chumba hicho hicho imewaka. Mmoja wenu kaniuliza nina roho gani. Nina roho ya kawaida, ndugu yangu, ila nafasi gazetini ilikwisha.

Aliyeingia leo asihangaike. Huyu ni Mama Mwanga, msimamizi wa taa katika jengo lile la ofisi lenye cheti cha mazingira, ambalo ukutani hutaona swichi hata moja. Darini kuna vifaa vidogo vya mviringo ambavyo wafanyakazi wanaviita macho. Jicho likiona kitu kinasogea, taa inawaka. Kikitulia, inazima. Wahasibu wakizama kwenye hesabu zao, lazima mmoja ainuke apunge mikono kama anayefukuza nyuki, ndipo warudishiwe mwanga.

Na chumba hiki cha chini ni cha mitambo ya baridi, ile inayopoza jengo zima. Ndimo alimofia mume wake.

"Kuna ufunguo mwingine?" Mama Mwanga aliuliza.

"Hakuna," alijibu Komeo, mlinzi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuuacha mlango bila kuufunga. "Zote unazo wewe."

"Basi ndani kuna nani?"

Komeo alikuwa ameanza kurudi nyuma, na mtu mnene kama yule akirudi nyuma kwenye ukumbi mwembamba, aliye nyuma yake hana budi kurudi pia. Aliyekuwa nyuma yake ni Barafu, mdogo wake marehemu, fundi wa baridi aliyeachiwa kazi ya kaka yake na hajaizoea mpaka leo. Tangu msiba ule hajawahi kuingia humu peke yake.

Mlangoni kuna kioo kidogo, upana wa daftari. Mama Mwanga akasogeza uso.

Aliona mashine mbili, mabomba, sakafu tupu. Kisha akaona kona ya kushoto, ile waliyomkuta mumewe. Juu ya mashine ya kona hiyo, mkono mweusi ulikuwa unapunga.

Taa ikazima.

Alibaki anautazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi. Halafu taa ikawaka tena, na mkono ukapunga tena, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto.

"Komeo, njoo uone."

Komeo alichungulia mara moja tu, akaruka. "Ni yeye! Ovaroli yake ile nyeusi! Mama Mwanga, mimi naondoka, nina watoto."

"Na mimi nina wangu. Simama hapo."

Mnadhani aliogopa? Hata kidogo. Alikuwa na hasira, tena hasira ya mke. Tangu mazishi, jengo zima lilikuwa linamsimulia habari za mumewe. Dada wa usafi aliona taa za ukumbi zikiwaka moja baada ya moja pasipo mtu. Karani wa mapokezi aliapa kwamba lifti ilishuka chini yenyewe, ikafunguka, ikafunga, ikapanda. Kila mtu alikuwa ametembelewa na marehemu isipokuwa aliyelala naye kitanda kimoja. Watu baki wanatembelewa, mke anasimuliwa!

"Kama ni wewe," alinong'ona, mdomo karibu na kioo, "mbona huji nyumbani?"

Akaingiza ufunguo kwenye kitasa.

Mkono wa Barafu ukamdaka kifundo cha mkono. "Shemeji, usifungue!"

"Niachie."

"Sikuachii. Tazama vizuri. Mkono gani ule usio na vidole?"

Mama Mwanga akatazama. Ni kweli, vidole havikuwepo. Wala kiwiko.

"Ile ni sponji ya bomba," alisema Barafu. "Ile tunayovisha mabomba yasitoe jasho. Imechanika, inaning'inia."

"Sponji ndiyo ipunge?"

Barafu akafungua mdomo amjibu, na hapo hapo uso wake ukabadilika. Aliuchomoa ufunguo kwenye kitasa kwa nguvu.

"Inapulizwa," alisema. "Bomba limetoboka nyuma yake. Gesi inatoka."

Gesi inayozunguka kwenye mitambo ile haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni kama maji kwenye beseni, na hewa ya kuvuta inasukumwa juu. Anayechutama ndani yake anasikia usingizi tu. Na hiyo sponji, iliyopoa kwa gesi na kuchezacheza mbele ya jicho la darini, ilikuwa imelidanganya jicho kwamba mle ndani kuna mtu.

"Afadhali!" Komeo alishusha pumzi. "Heri gesi kuliko mzimu."

"Gesi ndiyo iliyomfanya awe mzimu," Barafu akamjibu.

Ungetegemea Mama Mwanga naye apumue. Wapi! Alijisikia kama amefiwa upya. Kwa muda ule mfupi, mbele ya kioo, mumewe alikuwa amerudi kazini, na sasa kilichobaki ni kipande cha sponji. Machozi yalimjaa, akayafuta kwa kiganja kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeshika jambo lingine.

"Shemeji," alisema, "kama gesi inatoka, mbona pua haijalia?"

Barafu akageukia kioo.

Pua ni kifaa kingine cha humo ndani, kimefungwa ukutani usawa wa magoti, kazi yake kunusa gesi na kupiga king'ora. Siku ile marehemu alipokufa, pua haikulia. Wachunguzi walikuja baadaye, wakaingia, wakaijaribu, ikalia vizuri mpaka wakaziba masikio. Wakatazamana, wakasema kifaa ni kizima, basi mbaya ni mtu. Wakahitimisha kwamba fundi aliizima mwenyewe afanye kazi bila kelele, kisha akaiwasha akiwa ameshachelewa.

Maneno hayo yalitoka ofisini yakafika mtaani, na mtaani yakafika shuleni. Siku moja binti yake Mama Mwanga alirudi nyumbani, akaweka mkoba chini, akauliza bila kulia, "Mama, ni kweli baba alijiua kwa uzembe?" Tangu siku hiyo mwanamke huyu hataki kitu kingine duniani. Anataka swali lile limtoke mwanawe mdomoni.

"Leo hakuna fundi ndani wa kuizima," aliendelea. "Gesi ipo. Nani kainyamazisha?"

"Labda imekufa kweli safari hii."

"Tutaona."

Alishika tableti, akagusa chumba kile kwenye ramani, akatoa amri: taa iwake, isizime mpaka atakapoiambia. Taa ikatulia. Na ndani, nyuma ya chuma, feni ya kutolea hewa ikaanza kunguruma.

Mama Mwanga akakunja uso. Hakuwa amewasha feni.

Wakasubiri. Komeo alihesabu vifungo vya shati lake kwa kidole, akarudia. Barafu alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa. Muda ulipita wa mtu kunywa chai ya moto na kumaliza.

King'ora kikapasuka.

Kililia kwa sauti nyembamba, kali, ya kukata mfupa, na ukumbi mzima ukajaa. Komeo aliziba masikio. Barafu alifumbua macho. "Nzima!" alipiga kelele. "Shemeji, pua ni nzima!"

Mama Mwanga hakumsikia. Alikuwa anaitazama tableti. Akaizima taa.

King'ora kikakatika katikati ya mlio, kama mtu aliyezibwa mdomo. Feni nayo ikasinzia, ikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Wote watatu walielewa kwamba wamekisikia alichokisikia marehemu. Yaani hakusikia kitu.

Akaiwasha taa tena na kuiacha. Feni ikaamka. Pua ikachukua muda wake kupata joto, muda ambao taa ya kuwaka na kuzima haikuwa imeipa, kisha ikaanza kulia upya.

"Vinalala pamoja," alisema Mama Mwanga, sasa kwa sauti ya kushindana na mlio. "Taa ikilala, feni inalala, na pua inalala. Wameichomeka kwenye soketi ya kijani!"

Hapa nawaombeni dakika. Ili kupata cheti chake, jengo lile halikuishia kwenye taa. Kila chumba kina soketi za aina mbili. Zenye alama ya kijani hukata umeme jicho likikosa kuona mtu, ili mashine za kuchapa na vikorokoro vingine visile umeme bure. Nyeupe hazikatiki kamwe. Feni ilikuwa na haki ya kulala na taa, kwa kuwa pua ndiyo yenye kazi ya kuiamsha. Lakini pua haitakiwi kulala. Mahali pake ni kwenye nyeupe.

"Alikuwa amechutama nyuma ya mashine," Mama Mwanga alisema. Hakuwa anawaambia wao. "Jicho halimwoni akiwa kule. Taa ikamzimikia kama kawaida, akawasha tochi yake ya kichwani. Alikuwa akifika nyumbani ananichekesha, ananiambia, jengo lako mke wangu halinihesabu kuwa mtu. Na mimi nacheka! Kumbe taa ikimzimikia, na pua imezima. Wachunguzi waliingia wakitembeatembea, taa ikawaka, ndiyo maana pua iliwalilia."

Kishindo. Komeo alikuwa ameketi sakafuni, miguu mbele kama mtoto.

"Mimi niliona giza kwenye kioo," alisema. "Tochi yake ilikuwa imelalia sakafu, sikuiona. Niliona giza, nikajua hamna mtu, nikafunga. Ndivyo tulivyofundishwa, Mama Mwanga. Giza maana yake hamna mtu."

Kumbe Komeo wa watu alikuwa ameubeba mlango ule kifuani muda wote huu, na mzaha wake wote ulikuwa wa kufunika.

Mama Mwanga alimshika bega. Angeweza kumlaani, na hakuna ambaye angemlaumu. "Inuka," alimwambia. "Panda juu, kamlete mkaguzi."

Kwa maana leo, kama mnavyokumbuka, mkaguzi wa cheti yuko ghorofani na meneja anamzungusha penye maua na viti vipya.

"Meneja kasema mkaguzi asishuke huku."

"Meneja hajafiwa. Nenda."

Komeo akainuka, akaenda, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliacha mlango wa ngazi wazi nyuma yake.

Barafu alifunga valvu kubwa iliyoko nje ya chumba. Feni ikafanya kazi yake. King'ora kilipunguza kasi, kikakwama, kikanyamaza chenyewe, sasa kwa haki. Walingoja zaidi ya ilivyohitajika. Ndipo Mama Mwanga akafungua, wakaingia wawili, kwa kuwa ndiyo sheria mpya ya chumba kile.

Hakuwa amekanyaga humo tangu msiba. Baridi ilimpanda kutoka kwenye visigino. Sponji sasa ilining'inia tu, imetulia. Alijua ni sponji. Hata hivyo aliishika, akaibana kidogo, na ilikuwa baridi kama vile alivyovikuta vidole vya mumewe siku walipomwita kumtambua.

"Shemeji, waya wa pua unaenda nyuma huku," alisema Barafu. Alipiga magoti, akamulika.

Soketi zilikuwa mbili, zimekaa kama mapacha. Juu ya ile nyeupe kulikuwa na kipande cha utepe, na mwandiko ambao Mama Mwanga angeutambua hata gizani: PUA. USITOE. Mumewe aliandika herufi zake kubwa hivyo hivyo mpaka kwenye madumu ya maji nyumbani.

Lakini plagi ya pua haikuwepo pale. Ilikuwa kwenye ile ya kijani. Na kwenye nyeupe, chini kabisa ya neno USITOE, ilikuwa imechomekwa chaja ya simu.

Moyo wake uliruka kwa furaha, na haoni haya kunikubalia hilo. Si mumewe! Aliiweka penyewe, tena akaandika! Mjinga fulani alikuja na simu yake. Kila mtu jengoni anajua kwamba soketi ya kijani haichaji simu sawasawa, ukitulia tu inakukatia, ndiyo maana ofisini wanagombania nyeupe kama kiti cha dirishani. Mjinga kachomoa uhai wa mtu akachaji simu.

"Nani huyu?" alisema. "Nionyeshe tu ni nani, nitamvuta kwa mkono huu mpaka kwa binti yangu, amwambie mwenyewe."

Barafu hakuinuka.

"Shemeji."

"Nini?"

"Hiyo ni yangu."

Waya wa chaja ulikuwa umefungwa plasta ya kidonda pale ulipokatika. Mama Mwanga akaiona plasta ile. Akamkumbuka mama mkwe, miwani puani, akiifunga sebuleni huku akimgombeza mwanawe kwamba hatunzi vitu vyake.

"Nilikuja kumletea kaka spana," Barafu alisema, na maneno yalimtoka haraka, yakigongana. "Wiki moja kabla. Simu ilikuwa inazima. Nikasema naazima kidogo tu, naondoka narudisha. Tukawa tunacheka, yeye nyuma ya mashine, mimi hapa. Mama akapiga, nikachomoa simu nikatoka naongea. Nikasahau, shemeji. Nimesahau mpaka sasa hivi. Naapa kwa mama, nilikuwa naitafuta hiyo chaja, nikasema nimeibiwa."

"Umeibiwa," alirudia Mama Mwanga.

"Shemeji, nisamehe."

Alimtazama pale chini. Huyu ndiye aliyelia kuliko wote makaburini, mpaka akashikwa na wanaume wawili. Ndiye anayempeleka binti shule kila asubuhi. Ndiye mtoto pekee aliyebakia kwa mama mkwe, bibi wa watu ambaye usiku anaamka kugusa mlango wa chumba chake kuhakikisha amerudi. Alitaka kumpiga teke. Alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote.

"Simama," alimwambia. "Wanakuja."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, buti nzito, kalamu sikioni, hana muda wa salamu ndefu. Komeo alimfuata akihema. Mama Mwanga alimweleza yote: taa, feni, kilio kilichokatika. Mkaguzi alichutama, akatazama soketi mbili, akasoma utepe, akagusa plasta kwa ncha ya kalamu. Alielewa hata kabla hajaambiwa mwisho.

"Kwa hiyo hakuna aliyezima king'ora," alisema. "Kilihamishwa, kwa ajili ya simu." Akainuka. "Aliyefanya hivi ndiye aliyemuua fundi, hata kama hakukusudia. Chaja ni ya nani?"

Mama Mwanga akageuka kwa shemeji yake. Alimwachia nafasi. Ni mtu mzima, ni damu ya mumewe, acha aseme mwenyewe kwa mdomo wake.

Barafu aliitazama chaja.

"Ya kaka," alisema. "Ni ya marehemu."

Jamani! Mama Mwanga alihisi sakafu inamkimbia. Mumewe alikuwa anazikwa mara ya pili, na aliyeshika koleo safari hii ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Pole sana," mkaguzi alisema, sauti imelainika. "Basi wachunguzi walikosea njia, ila walifika palepale. Marehemu alijiponza." Akamgeukia mjane. "Nasikia wewe ndiye mkewe. Mke anaijua chaja ya mumewe. Ni hii?"

Akisema ndiyo, mama mkwe anabaki na mtoto, na binti anabaki na swali lake mpaka uzeeni. Akisema siyo, bibi wa watu anampoteza na huyu wa mwisho, gerezani. Komeo alikuwa anaitazama plasta, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliiona wapi. Barafu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama buti zake.

"Mkaguzi," alisema Mama Mwanga, na yeye mwenyewe alishangaa jinsi sauti ilivyomtoka kwa utulivu, "naomba umuulize tena yeye. Lakini kwanza mwambie aniangalie usoni."

Mkaguzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akarudisha kalamu sikioni.

"Umesikia," alimwambia Barafu. "Mwangalie mke wa kaka yako. Chaja ni ya nani?"

Barafu akainua kichwa.